Zamu ya Bibi Pettiford

Wanaosimulia habari ya nyumba ya kina Tolley husema tulikuwa wanawake ishirini. Wengine husema thelathini, na mchungaji wetu wa sasa, ambaye siku ile hata mama yake alikuwa bado hajaolewa, ametia chumvi mpaka tumefika hamsini. Tulikuwa kumi na mmoja. Mimi, Corinne Yancey, ndiye niliyekuwa katibu wa Klabu ya Wanawake ya Nuru ya Asubuhi, na mimi ndiye niliyeita majina alasiri ile. Hamsini wasingeenea. Hata sisi kumi na mmoja tulikaa magoti yakigusana.

Wala habari yenyewe si yetu sote. Ni ya Ozella Pettiford, mfua nguo, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana na ulimi ambao hakuwahi kuutia kanji wala kuupiga pasi. Alifua nguo za nusu ya wazungu wa Marlow Bend, mji wetu, wale wanaokaa upande wa juu wa reli. Jumatatu alizikusanya kwa mkokoteni, Ijumaa alizirudisha, na miaka yote hiyo aligonga mlango wa jikoni, kule nyuma, kama sisi weusi sote tulivyogonga. Klabu yetu ilikuwa ya wake za watu wa heshima: mke wa daktari, mke wa mzika maiti, walimu kadhaa, na mimi mke wa shemasi. Hakuna aliyemwalika Ozella. Alikuja mwenyewe mwaka 1916, akasimama mlangoni kwa mwenyekiti wetu, Bibi Crosswhite, ameshika nakala ya katiba.

"Imeandikwa hapa, mwanamke mwenye tabia njema," akasema. "Mimi nafua mashuka ya mji huu, Bibi Mwenyekiti. Tabia za watu nazijua. Yangu ni njema."

Tukampokea. Nani angesimama abishane na mtu anayejua mashuka?

Kila mwezi tulikutana nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu, tukiwa na kofia na glovu hata kama jua linapasua mawe. Mwenyeji alipeleka kadi, akaoka keki. Na ilikuwapo sheria moja iliyozipita nyingine zote, aliyoiandika Bibi Crosswhite kwa mkono wake: mgeni haondoki kabla mwenyeji hajamwandalia. Mwaka 1919 mwanamke mmoja aliondoka keki haijakatwa, eti kichwa kinamgonga. Jina lake silitaji, maana hata sasa likitajwa watu hukohoa na kutazama pembeni.

Zamu ya Ozella ilipofika, tuliiruka. Kwa adabu, bila shaka. Tulisema chumba chake ni kidogo, tusimsumbue, tukaihamishia kwa Dovie Stallworth, mke wa mzika maiti, aliyekuwa na sebule yenye piano. Miaka kumi na mmoja tulimruka hivyo, naye alinyamaza, na sisi tukajidanganya kwamba amefurahi.

Sasa nyumba. Ilikuwa chini karibu na mto, kwenye kiwanja cha Bwana Royal Haskett, mzungu mwenye kiwanda cha mbao. Chumba kimoja cha mbao, dirisha moja, mlango mmoja, tena mfupi kiasi kwamba mtu mzima sharti ainame. Sakafu ilikuwa udongo mtupu uliopigwa mpaka ukawa mgumu. Humo Mama Tolley alifua nguo za watu, na humo akamzaa Ephraim, ambaye alikuja kuandika vitabu vinne vilivyosomwa hadi ng'ambo ya bahari. Kitabu cha kwanza kilianza na sakafu ile. Aliandika mende, aliandika harufu ya magadi na kabichi, na jina la mtaa wetu hakulibadilisha. Wanawake wa klabu walikisoma wamekifunika kwa gazeti. Tulijivunia kijana wetu, lakini tuliona amekwenda kuanika nguo zetu za ndani mbele ya dunia nzima.

Ozella hakuona hivyo. Utotoni, yeye akiwa na miaka sita na Ephraim tisa, mama zao walifua pamoja nyumbani mle. Shule yetu siku hizo ilifunguliwa miezi mitatu tu kwa mwaka, na miezi hiyo mitatu Ozella alikuwa anasukuma mkokoteni. Ephraim akitoka shule huvunja kijiti, akachora herufi kwenye sakafu, naye Ozella akazifuata kwa kidole. Sakafu ikijaa, wanainyunyizia maji, wanaifuta kwa viganja, wanaanza upya.

"Ubao wangu ni ule," aliniambia siku moja. "Anayeionea haya sakafu ile ananionea haya mimi."

Ephraim Tolley alifariki Chicago mwezi wa Aprili mwaka 1927. Mwezi wa Juni ikaja barua ya Bwana Haskett. Anataka kupanua uwanja wake wa mbao, kibanda kitabomolewa, lakini kwa kuwajali watu wetu atasimamisha jiwe lenye jina la marehemu. Bibi Crosswhite aliisoma barua ile mkutanoni mara mbili.

"Jiwe la marumaru," akasema, akilitamka neno utadhani ana pipi mdomoni. "Safi, la heshima. Watoto watasoma jina lake bila kuona mende."

"Makaburini mawe yamejaa," Ozella akasema. "Ephraim hakuzaliwa juu ya jiwe."

"Dada Ozella, kibanda kile kinatuaibisha. Tumehangaika miaka mingi ili wale watu wajue kwamba na sisi tunazo sakafu za mbao."

"Za kwao tunazijua. Si sisi tunaozisugua?"

Dovie Stallworth aliangua kicheko, kisha akajifanya amepaliwa.

"Nyumba njema si mlango, Bibi Mwenyekiti," Ozella akaendelea. "Ingia kwanza ndani ya ile, ukae, halafu uniambie habari ya jiwe."

"Tupige kura," akasema Bibi Crosswhite.

Tukapiga. Kumi tulitaka jiwe, mmoja akakataa. Na mimi nilikuwa mmoja wa wale kumi. Niliandika hivyo kwenye kumbukumbu za mkutano na naandika tena hapa, nisije nikajifanya shujaa uzeeni.

Ozella alivaa glovu zake taratibu, kidole kimoja kimoja. "Agosti ni zamu yangu ya kuwa mwenyeji," akasema. "Safari hii msinihamishe."

Hatukumhamisha. Aibu nayo ina kazi yake.

Siku ya kubomoa aliijua kutoka kwangu. Mume wangu Amos alikuwa msimamizi wa vibarua wa Bwana Haskett, na mimi nilikuwa nikiongea na Ozella kwenye uzio, mdomo haujui kupumzika.

"Amos anasema Alhamisi ya tarehe kumi na nane," nikamwambia.

"Asubuhi au mchana?"

"Mchana, wakishakula."

"Haya," akasema, akaendelea kubana soksi za watu kwenye kamba.

Baada ya siku mbili kadi zikafika, zimeandikwa kwa herufi za kuviringana, nzuri kuliko zangu. Bibi O. Pettiford anawakaribisha kwenye mkutano wa mwezi, Alhamisi tarehe 18 Agosti, saa nane mchana, nyumbani kwa kina Tolley.

Bibi Crosswhite alikuja kwangu ameishika kadi kwa ncha za vidole. "Corinne, huyu amechanganyikiwa?"

"Huenda."

"Mimi siendi."

"Basi andika udhuru, Bibi Mwenyekiti. Katiba inataka udhuru wa maandishi wenye sababu ya kweli. Nitausoma mbele ya wote."

Alinitazama kwa jicho la pembe. Sababu ya kweli alikuwa nayo, lakini haikuwa ya kuandikika. Akaondoka bila kuaga.

Alhamisi ile joto lilikuwa la kuokea mkate. Tulishuka njia ya mtoni na kofia zetu, tukijipepea kwa vile vipepeo vya karatasi ambavyo mume wa Dovie hugawa msibani. Mwenyekiti wetu aliingia wa kwanza. Hakuinama vya kutosha, kizingiti cha juu kikaichukua kofia yake yenye unyoya na kuitupa nje. Ozella akaiokota, akaipangusa, akamrudishia.

Ndani palikuwa pamefagiwa. Viti vilikuwa vya kanisani. Katikati ilikaa meza yenye kitambaa cheupe cha tarizi, na juu yake kitu kikubwa cha duara kimefunikwa kwa kitambaa kingine. Ozella alivaa gauni la zambarau na glovu nyeupe. Kwingine kote aliacha kama kulivyo, na harufu ya magadi ilikuwa bado imo ukutani baada ya miaka yote ile.

Tulisali, nikaita majina, nikasoma kumbukumbu za Julai. Kisha mwenyeji akafungua kitabu cha Ephraim, akatusomea sura ya kwanza, akisimama juu ya hiyo hiyo sakafu. Mimi nilikuwa nimekisoma chumbani kwangu kwa aibu. Kusikia yale maneno pale yalipotokea ni jambo jingine. Nilijikuta nimeinua viatu vyangu kidogo, nisiikanyage kwa nguvu.

Alipofika ukurasa wa tatu, kichwa cha mume wangu kikatokeza mlangoni.

"Samahani kina mama. Corinne? Unafanya nini humu?"

"Naandika kumbukumbu."

"Sisi tumekuja kubomoa."

"Shemeji, kofia," akasema Dovie.

"Nimeshaivua, Dada Dovie."

"Basi ngojeni nje. Sisi bado hatujala."

"Mtakula saa ngapi?"

Sote tukamgeukia Ozella. Alikuwa ananyoosha ukingo wa kitambaa kilichofunika keki. "Inapoa," akasema. "Na joto hili, sijui itapoa lini."

Hapo ndipo tulipoelewa. Nilimwona Bibi Crosswhite akielewa, uso ukimvimba.

"Ozella," akanong'ona, "kata keki."

"Bado."

"Kata keki twende zetu!"

"Bibi Mwenyekiti, mlango ule pale. Ukitaka kwenda, nenda. Corinne ataandika saa uliyoondoka."

Nikachovya kalamu kwenye wino. Bibi Crosswhite aliitazama kalamu, akautazama mlango, akakaa chini. Mtego ulikuwa umetegwa kwa kamba aliyoisuka mwenyewe, na naungama kwamba nilifurahi.

Bwana Haskett akaja na gari lake. Tulisikia breki, tukasikia anawafokea watu, kisha akainama akaingia, kofia kichwani. Alizungusha macho juu ya kofia zetu kumi na moja mpaka akampata aliyemtaka, mwenyekiti wetu.

"Lavinia," akasema. "Hebu watoe wenzako. Si mimi na wewe tulishaelewana? Wewe una akili, Lavinia."

Vipepeo vikasimama. Niseme jambo hapa. Mwanamke yule alikuwa mke wa daktari, mwenye miaka hamsini na miwili, na kwa miaka thelathini alikuwa akitia saini barua zake zote Bibi H. T. Crosswhite, kwa herufi za jina la mumewe, ili asiwepo mzungu hata mmoja Marlow Bend wa kujua jina la kumwita kama anavyoita mjakazi wake. Hata mimi nilimwita Bibi Mwenyekiti. Sijui nani aliliuza jina lile. Nilimwona analipokea usoni kama mtu aliyemwagiwa maji ya taka.

Akasimama. Akaiweka sawa kofia yake.

"Huu ni mkutano," akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Mwenyekiti wake ni Bibi Crosswhite. Mtu akitaka kusema, huvua kofia, humtaja mwenyekiti kwa jina lake, husubiri ruhusa. Wewe mwenyekiti hajakupa ruhusa."

Haskett akacheka. "Mnakaa kwenye kiwanja changu!"

"Hujapewa ruhusa."

"Nitamleta sherifu."

"Katibu, andika kwamba yupo mtu anasema bila ruhusa."

Nikaandika. Wino ulidondoka, na lile doa limo kwenye daftari hata leo. Lakini niliandika.

Haskett akamgeukia Ozella. "Hii kazi yako, Ozella. Na mashati yangu unayarudisha lini?"

"Yamelowekwa," Ozella akajibu, kwa upole kabisa. "Na vile vitambaa vya meza vya arusi ya binti yako viko kwenye kanji. Arusi si Jumamosi? Kanji ikikauka bila pasi, kitambaa kinakuwa ubao, na mbao wewe unazijua. Lakini mfua nguo yuko mkutanoni."

"Na anayeoka keki ya hiyo arusi ni dada yangu," akasema Dovie, akijipepea. "Tumbo moja. Akisikia mimi nimeangukiwa na paa, sijui kama atapata nguvu za kupiga mayai."

Haskett alitoka amekuwa mwekundu shingo nzima. Tukamsikia nje akiwaamuru watu wapande, waanzie juu, wanawake watatoka wenyewe vumbi likiwaingia machoni. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Nilikuwa na watoto wanne nyumbani na mume mwenye kazi moja, na kazi hiyo ilikuwa ya mtu yule. Niliogopa, sifichi, niliogopa mpaka meno yakauma.

Kisha nikasikia mtaimbo ukianguka chini. Na sauti ya Amos, polepole kama anavyosoma Zaburi kanisani. "Bwana Haskett, mke wangu yumo humo, na bado hajala."

Ukaanguka mtaimbo wa pili. Ukaanguka wa tatu. Walikuwa wanaume sita, nami niliihesabu mitaimbo yote sita.

Ozella akafungua sura ya pili, akaendelea kusoma.

Ilipofika saa kumi na moja, Haskett aliingiza kichwa dirishani. Nadhani alikuwa ameshakwenda nyumbani na kuambiwa neno na mkewe kuhusu vitambaa. "Chukueni takataka zenu!" akapiga kelele. "Jumatatu asubuhi nataka kiwanja kitupu. Mbao zenu ondoeni. Ardhi yangu acheni!"

Tulipiga makofi na glovu zetu, makofi yasiyo na sauti. Bibi Crosswhite akagonga meza.

"Natoa hoja," akasema. "Nyumba ihamishiwe kwangu. Ipo nafasi nzuri nyuma, karibu na banda la gari la daktari."

"Nyuma hapana," akasema Ozella.

"Ni mahali pa staha, Dada."

"Tumeingilia nyuma vya kutosha. Nyumba hii itatazama barabara. Itakaa kwangu, mbele, pale penye kamba zangu."

"Na nguo utaanika wapi?" nikauliza.

"Nyuma. Safari hii nguo zao ndizo zitakaa nyuma."

Waliunga mkono maneno ya Ozella kwa mpigo mmoja, nisijue niandike jina la nani. Mwenyekiti mwenyewe aliinua mkono wa kwanza.

"Sasa jamani keki," akasema Dovie. "Mimi nakufa."

Ozella akavuta kile kitambaa. Chini yake lilikuwa beseni la bati la Mama Tolley, limefunikwa kifudifudi. Hapakuwa na keki. Hapakuwa na hata kipande cha mkate.

"Ningeoka," akasema, "mngekula mkaenda."

Tulicheka mpaka Amos akachungulia kuona kama tumepatwa na joto. Bibi Crosswhite alikuwa wa mwisho kuanza kucheka na wa mwisho kunyamaza, na alipofuta machozi alisema kwamba kwa mujibu wa katiba sisi bado hatujaandaliwa, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kwenda popote. Tukabaki tunapanga kazi.

Jumamosi kina Haskett walifanya arusi yao juu ya vitambaa vilivyonyooka kama karatasi, maana Ozella alikuwa mtu wa kazi yake na hakutaka mtu aseme alishindwa kupiga pasi. Jumapili baada ya ibada, wanaume waliinua nyumba kwa jeki, wakaiweka juu ya magogo, wakafunga baghala wawili wa mzika maiti, na nyumba ikapanda njia taratibu, mlango wake ukining'inia. Watu walisimama pande zote mbili wakiimba.

Ozella hakufuata. Alibaki chini pale, kwenye mraba wa udongo uliokuwa wazi juani kwa mara ya kwanza. Nikarudi kumwita nikamkuta amepiga magoti na gauni lake la kanisani, anachimba kwa mwiko wa kukorogea nguo, anatia udongo ndani ya lile beseni.

"Haskett alisema ardhi tusiiguse," nikamwambia.

"Nilimsikia."

Nikainama nikachimba naye. Si muda nikasikia viatu nyuma yetu. Alikuwa Bibi Crosswhite, na mkononi ana boksi lake la kofia, lile la duara lenye utepe wa hariri. Alilifungua, akalitazama kidogo, kisha akapiga magoti akaanza kuchota kwa mikono, na glovu zake nyeupe bado amezivaa. Akaja Dovie na kapu la pikiniki. Wakaja na wengine, tukawa wote kumi na mmoja. Mlinzi wa uwanja wa mbao alitukimbilia akisema bosi amekataza, ardhi haitoki.

"Hii si ardhi," Bibi Crosswhite akamwambia bila kuinuka. "Hii ni sakafu. Sakafu ni ya nyumba."

Tukapita katikati ya mji tumebeba, mbele ya kanisa la wazungu wakati wanatoka ibada ya jioni. Tulikwenda safari nne.

Amos hakuitwa tena kiwandani. Alikwenda kuchimba makaburi kwa mume wa Dovie, na akawa anasema wateja wake wapya hawana makelele. Tulikula maharage mwaka mzima. Sikumsikia akijuta, na mimi mwenyewe nilijuta mara mbili tu, zote mbili wakati wa baridi.

Ozella aliitunza nyumba ile miaka ishirini na minne huku akiendelea kufua. Waje walimu, waje waandishi wa magazeti ya Chicago, aliwapokea na mikono inayonuka sabuni. Kuna bwana mmoja alimshauri aweke mbao chini, wageni wasichafue viatu. Akamwambia avue viatu. Watoto wa mtaa wetu waliletwa pale kabla hata ya kuanza shule, na kila mmoja alipewa kijiti. Wanangu wote wanne waliandika majina yao ya kwanza kwenye sakafu ile, na kuyafuta kwa viganja.

Haskett tulimwona tena mwaka 1946. Nilikuwa kwa Ozella nikimsaidia kukunja mashuka. Gari likasimama barabarani, mzee yule ndani, amekonda, na pembeni yake mjukuu wake wa kike ambaye shuleni kwao walikuwa wamepewa kazi ya kuandika habari za Ephraim Tolley. Akapiga honi.

"Ozella!"

Ozella akanipa ncha ya shuka jingine. Tukakunja.

Honi ikapigwa tena. "Ozella! We Ozella!"

Msichana akashuka mwenyewe. Akasoma kibao cha mlangoni kilichoandikwa jina la mtunzaji, akatujia. "Bibi Pettiford? Naomba kuingia."

"Karibu, mwanangu. Inama."

Akaingia. Baada ya muda mzee naye akashuka, na fimbo yake, akaizunguka nyumba upande mmoja, akarudi akaizunguka upande wa pili. Sijui alikuwa anatafuta nini kule nyuma. Mwishowe akaja mbele na kumkuta Ozella amesimama mlangoni, mikono kifuani, na kizingiti cha juu kimekaa sawa na kichwa chake mfupi yule.

"Nataka kuingia," akasema Haskett.

Ozella hakusogea. "Mwenyekiti hajakupa ruhusa."

Nilidhani ataondoka. Alisimama pale juani, akihema, na kutoka ndani tulimsikia yule msichana akikwangua kijiti kwenye sakafu. Mzee akasikiliza. Kisha akainua mkono, akavua kofia.

"Bibi Pettiford," akasema.

"Bwana Haskett," akasema Ozella, akampisha. "Mlango ni mmoja tu, na ni mfupi. Inama."

Akainama.